Mahame ya Kaskazini mwa Lamu kwa Chombo: Mwongozo Kamili wa Safari ya Kuelekea Mpakani

Ukanda wa pwani unaoanzia kisiwa cha Manda, ukapita Pate, Ndau na Kiwayu hadi Kiunga, ndio ncha ya Kenya upande wa kaskazini-mashariki. Kutoka mji wa Lamu hadi Kiunga ni karibu kilomita 90 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Kiunga hadi mpaka wa Somalia hazifiki kilomita 20. Katika masafa hayo kuna misikiti, nyumba za mawe, makaburi ya nguzo na kuta za miji mizima zilizosimama vichakani, nyingi zikiwa hazina mlinzi wala kibao, na wageni wanaozifikia ni wachache mno wakilinganishwa na wale wanaoishia kwenye vichochoro vya mji wa Lamu. Mpaka wenyewe ulihamia hapo mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi ya Juba. Kabla ya hapo mstari ulikuwa kwenye mto Juba. Kila gofu litakalotajwa hapa ni kongwe kuliko mpaka huo, na Wabajuni, Waswahili wa ukanda huu wanaoishi jirani na mahame haya, wana jamaa zao pande zote mbili.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuyafikia mahame hayo kwa chombo, akayatazama kwa makini na kurudi salama bila kuyadhuru. Jambo moja atalikuta likirudi katika kila hatua: miji hii ilijengwa na watu waliokwenda na maji, kwa hiyo milango yake ya kweli ni vijito vya mikoko vinavyojaa na kukauka mara mbili kwa siku. Anayepanga safari kwa ramani na saa ya mkononi peke yake atafika mahali pazuri kwa wakati mbaya.

Hatua ya kwanza: Amua utaishia wapi

Uamuzi huu hutangulia vyote kwa sababu ndio unaogusa uhai. Eneo la bara linalopakana na msitu wa Boni na ukanda wote wa kuelekea Kiunga limekuwa chini ya operesheni za usalama tangu mwaka 2015, na hali hubadilika kutoka mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo igawe safari katika vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni Manda, penye Takwa. Cha pili ni kisiwa cha Pate, ambako kuna Pate yenyewe, Siyu, Shanga na Faza. Hiki peke yake kinatosha kumshughulisha mtu siku nne au tano, na kwa maoni yangu ndicho kiini cha safari. Cha tatu ni kutoka Kiwayu kwenda Kiunga na mahame ya Ishakani yaliyo karibu kabisa na mpaka.

Kipande cha tatu kisipangwe kwa matumaini. Kabla ya kuondoka Lamu, ulizia kwa maafisa wa usalama na wa serikali ya kaunti. Ukifika Faza, uliza tena polisi, kisha waulize wavuvi walioshuka kutoka kaskazini wiki hiyohiyo. Mmoja wao akisita, ishia Pate. Usilale kwenye fukwe za bara, usisafiri usiku, na usivuke mpaka kwa hali yoyote, hata kama nahodha wako ana shemeji Ras Kamboni, ng'ambo ya mpaka. Mtu asiye raia wa Kenya asome kwanza tahadhari ya safari ya nchi yake, kwa kuwa bima nyingi hazilipi kwa eneo ambalo serikali imewakataza watu wake kulitembelea.

Hatua ya pili: Chagua msimu

Kusi huanza kuvuma Aprili, na katika miezi ya Juni na Julai bahari ya nje ya Pate na Kiwayu huchafuka kiasi cha kuwazuia hata wavuvi wazoefu wasitoke. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari huwa nzuri, lakini kumbuka kwamba unaelekea kaskazini-mashariki, hivyo ukiwa na chombo cha tanga utakwenda kwa kubisha, yaani upande upande dhidi ya upepo, njia nzima na kurudi ukipeperushwa. Wakati bora ni mwisho wa kaskazi, Februari na mwanzo wa Machi, upepo unapolegea na vichaka vikiwa vimekauka kiasi cha kuziona kuta. Upepo wa matlai wa Oktoba na Novemba pia hufaa, ingawa mvua za vuli zinaweza kukukuta. Mvua za masika zikianza, ahirisha safari: magofu huvamiwa na majani marefu, nyoka na mbu, na hutaona chochote cha maana.

Hatua ya tatu: Jifunze maji kabla ya kujifunza historia

Tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, katika visiwa hivi inakaribia mita 3. Vijito vya Takwa, Siyu na Pate havina hata mita moja ya maji bahari inapokupwa. Hubaki tope jeusi na mizizi ya mikoko.

Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni, na hukupwa kabisa katikati ya asubuhi. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo msafiri wa bamvua huingia kijitoni kunapopambazuka, hushinda mahameni wakati maji yako mbali, na hutoka jioni yanaporudi. Ratiba hiyo ni nzuri kuliko inavyosikika, kwa kuwa mwanga wa asubuhi na wa jioni ndio unaoonyesha michoro iliyochongwa kwenye chokaa, ilhali jua la adhuhuri huifuta. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, maji hujaa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, jambo linaloonekana kumfaa mgeni, lakini hayajai sana, na chombo kizito kinaweza kugusa chini kabla ya kufika gatini.

Nililijua somo hili kwa kukaa juu yake. Tulilala Faza, tukapanga kuingia Siyu alfajiri ya bamvua, lakini tukachelewa kwa ajili ya chai na mahamri hadi saa kumi na mbili na nusu. Tulipoingia kijitoni maji yalikuwa yameshageuka. Nahodha alishika upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, akapima maji mara mbili, akaniangalia bila kusema neno, na muda si muda chombo kikakaa juu ya tope na kuanza kuinama upande. Tulikaa hapo kutoka saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, jua likiwa utosini na mbu wakitoka mikokoni, huku watoto wawili wenye kapu la kaa wakitupita kwa miguu na kutuamkia kwa adabu kubwa. Ngome ya Siyu ilikuwa mbele yetu, juu ya miti, karibu kiasi cha kuhesabu mashimo ya ukuta wake.

Chukua jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Lamu au la Kilindini, kisha mpe nahodha kauli ya mwisho. Jedwali halijui fungu la mchanga lililohama mwaka jana.

Hatua ya nne: Pata chombo na nahodha

Mambo mawili hugongana hapa. Boti ya faiba yenye mashini hufika Faza kutoka Lamu kwa muda wa saa mbili hivi na inaweza kukukimbiza hali ya hewa ikibadilika. Mashua ya tanga huchukua siku nzima au zaidi, lakini hukaa vizuri juu ya tope, haiharibu mizizi ya mikoko na hukufikisha kimyakimya. Chaguo langu ni mashua yenye mashini ndogo ya akiba. Atakayekwenda Kiwayu na mbele yake achukue boti yenye mashini mbili, kwa sababu mashini moja ikizima nje ya mwamba, mkondo hautamsubiri fundi.

Tafuta nahodha aliyezaliwa Pate, Faza au Kizingitini, si yule mwenye kuzoea kuwapeleka wageni kuogelea Manda. Muulize maswali matatu: maji yatajaa Siyu saa ngapi keshokutwa, njia ya ndani kati ya Pate na bara unaipita kwa maji gani, na ukizidiwa na upepo karibu na Ndau utakimbilia wapi. Anayejibu papo hapo, kwa majina ya mafungu na milango, ndiye wako. Bei ipatanwe pwani, mbele ya shahidi, ikitaja mafuta, chakula cha mabaharia na siku za kungojea, kwa maana mtu anayelipwa kwa siku za mwendo tu atakuharakisha.

Ndani ya chombo pawe na jaketi okozi kwa kila mtu, upondo, nanga mbili, ndoo ya kukumbia maji, kurunzi, dawa za huduma ya kwanza, simu mbili za mitandao tofauti zilizofungwa katika mfuko usioingiza maji, na kifaa cha setilaiti kwa wanaovuka Kiwayu. Maji ya kunywa yawe lita 5 kwa kila mtu kwa siku, kwa sababu visima vya visiwani vina chumvi na maji ya birika ni ya wenyeji. Chakula si tatizo: samaki mtanunua njiani, na mkate wa mofa ulionunuliwa Lamu asubuhi huvumilia siku mbili.

Hatua ya tano: Vibali

Mahame mengi ya ukanda huu yanalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, na msimamizi wake ni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yenye ofisi mjini Lamu. Kutazama na kupiga picha za kumbukumbu ni jambo la kulipa kiingilio pale kinapotozwa. Kupima kwa ajili ya utafiti, kuchimba au kuokota chochote ni jambo la kibali cha maandishi, na usipokuwa nacho ni kosa. Hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kuna ada ya kuingia. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na katika eneo lenye kambi ya wanamaji huko Manda Bay na bandari mpya ya Lamu ni busara kuiacha nyumbani kabisa. Usielekeze kamera kwenye kambi, meli za doria wala vizuizi vya polisi.

Kibali cha mwisho hakina muhuri. Katika kila kijiji, kabla ya kuelekea mahameni, nenda kwa mzee wa mtaa au imamu, toa salamu, kaa, jieleze, na uombe mtu wa kuwaongoza kwa malipo. Misikiti iliyoporomoka bado ni misikiti machoni pa wenyeji, na makaburi yana wenyewe. Vaa mavazi ya kusitiri, na ukikuta ubani uliochomwa au kitambaa kilichofungwa kaburini, kiache kilivyo.

Hatua ya sita: Fuata njia hii

Siku ya kwanza, toka Lamu maji yakijaa, uingie kijito cha Takwa. Ukichelewa, itabidi ushukie upande mwingine wa Manda na kutembea. Takwa lilikuwa mji wa watu waliohama katika karne ya 17, na masimulizi ya Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, husema kwamba wahamiaji hao ndio waliokwenda kuishi huko. Watu wa Shela bado huja kuomba mvua penye kaburi la nguzo, ambalo maandishi yake ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1680. Msikiti mkuu una nguzo iliyopandishwa juu ya kibla, jambo lisilo la kawaida. Anzia safari hapa hata kama panajulikana zaidi, kwa sababu pamesafishwa, na jicho litajifunza kutambua zidaka (vishubaka vya ukutani), kisima na mlango kabla ya kuingia mahali palipofunikwa na miti.

Siku ya pili ni ya Pate. Maji yakiwa hayatoshi kufika mjini, shuka Mtangawanda na utembee muda wa saa moja, au uchukue pikipiki. Mji huu wa Wanabahani, ukoo wa masultani wa Pate, uliotawala sehemu kubwa ya pwani hii kabla ya kushindwa katika vita vya Shela kwenye miaka ya 1810, sasa ni shamba: wenyeji hulima tumbaku katikati ya kuta, na majani yake mapana huota hadi chini ya zidaka za sebule. Usikanyage matuta. Omba ruhusa ya mwenye shamba, naye mara nyingi ndiye kiongozi bora wa mahali hapo.

Siku ya tatu na ya nne, weka kambi Siyu. Ngome yake imesimama kijitoni na imekarabatiwa; mji huu uliyarudisha nyuma majeshi ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, katika miaka ya 1840, hata ukasalimu amri mwaka 1863 kwa Sultani Majid. Mafundi wake walisifika kwa ngozi, visu, milango na kunakili misahafu, na kazi ya ngozi ungali unaweza kuiona mikononi mwa wazee. Kutoka Siyu tembea muda wa kama saa moja hadi Shanga, ukiwa na kiongozi, maji na kofia. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8, wa miti, kabla ya mawe kuanza kutumika. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Hakuna mlinzi wa kudumu wala kivuli cha duka, na utulivu wake unamlazimu mtu kushusha sauti.

Faza, siku ya tano, itakuchukua asubuhi moja. Wareno waliuangamiza mji huu mwaka 1587 kwa kumuunga mkono Mir Ali Bey, haramia wa Kituruki aliyepambana nao, kwa hiyo yaliyosalia ya kale ni machache, lakini msikiti wa Kunjanja una kibla cha matumbawe yaliyochongwa kinachostahili kutazamwa polepole.

Mbele ya hapo ni Ndau, Kiwayu na hatimaye Ishakani, yenye makaburi makubwa yaliyopambwa kwa miraba ya chokaa. Fika tu kama hatua ya kwanza imekuruhusu, na panga kuwa Kiwayu tena kabla ya jua kutua.

Hatua ya saba: Tazama kwa utaratibu

Usiingie gofu kwa haraka. Lizunguke kwanza kwa nje, ukitafuta visima visivyo na kingo, nyuki ndani ya zidaka na kuta zilizoinama. Visima ndivyo hatari kubwa kuliko zote: vimefunikwa na majani, na vingine vina kina cha watu watatu. Tembea na fimbo, gusa ardhi mbele yako, na usipande ukuta wowote, kwa sababu chokaa iliyokwisha kulowa na kukauka kwa karne nyingi haishikilii tena mawe.

Kisha tazama ukuta kwa karibu. Mawe ya kukwaruza, yenye mashimo, ni matumbawe ya nchi kavu. Mawe laini yanayochongeka, yaliyotumika kwenye vibla na vizingiti, yalitolewa baharini yakiwa mabichi na kuchongwa kabla hayajawa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Upana wa vyumba hauzidi sana mita 2 na nusu au 3, na sababu utaiona juu ukutani, katika safu ya mashimo ya mraba: hapo ndipo zilipolala boriti za mkoko, na boriti haiwi ndefu kuliko mti. Mara ukishaitambua safu hiyo, unaweza kusimama kwenye kifusi na kujua dari ilikuwa wapi, ghorofa ilikuwepo au haikuwepo, na mlango uliozibwa ulizibwa kabla au baada ya nyumba kuporomoka.

Kwenye makaburi utakuta vishimo vya duara, laini kama ndani ya kikombe, vilivyopangwa kuzunguka nguzo. Ni mahali palipopachikwa bakuli na sahani za Kichina. Nyingine zilianguka, nyingi zilichokolewa. Niliwahi kuweka kidole katika kimoja huko Siyu, nikahisi mkwaruzo wa patasi pembeni, mpya kuliko chokaa iliyouzunguka. Kipande kikikutwa chini, kipigwe picha hapohapo na kiachwe hapohapo.

Hatua ya nane: Andika na kuhifadhi

Piga picha ya kila ukuta kutoka mbele, ukiweka fimbo yenye alama za sentimita pembeni, kisha picha moja ya mbali inayoonyesha ukuta ulipo ndani ya jengo. Chora ramani ya mkono hata kama hujui kuchora. Jicho huona kwa kuchora vitu ambavyo kamera huvipita. Andika jina la mahali kama wenyeji wanavyolitamka kwa Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, si kama ramani ya kikoloni ilivyoandika, na mwulize kiongozi wako ukuta huo aliujuaje utotoni mwake. Mara nyingi atakuambia palikuwa na paa, au kwamba mbuyu ulioung'oa ulikuwa mdogo.

Makaburi yasiyo na mlinzi usiyachapishe mtandaoni pamoja na alama za mahali halisi, kwa sababu wezi wa bakuli nao husoma. Nakala kamili ya picha na vipimo ipelekwe ofisi ya makavazi mjini Lamu, na nakala nyingine ya picha zilizochapwa kwenye karatasi irudishwe kwa mzee aliyekuruhusu. Mpe nahodha bahasha hiyo; yeye atapita tena Siyu bamvua ijayo.